Nyumba Yenye Siku Tatu

Siku ya tarehe 6 Mei 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba, kwa sababu ya korona, kwa siku 15 hakuna atakayeingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la Kibokoni. Ramadhani ilikuwa imefika katikati, futari zinangoja kupikwa, na kabla ya jua kutua unga wa ngano ulikuwa umekwisha, sukari imekwisha, na mafuta yanapatikana kwa kuombana. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu akapita na kikapu chake, akanunua ndimu na kiberiti, akageuka kwenda zake. Nikamwuliza, “Bi, na unga huchukui?” Akanijibu, “Upo nyumbani, mwanangu. Waachie wenye watoto.” Zile siku 15 ziliongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mwezi mzima jibu lile lilikuwa likinirudia, na safu ya leo imetoka ndani yake.

Msimamo wangu ni huu. Nyumba ya kisiwa cha Mombasa haihitaji ghala wala mashine za bei kubwa ili iwe tayari kwa dharura. Inahitaji siku tatu: maji, chakula, mwanga, moto wa kupikia na dawa za siku tatu, viwepo ndani wakati wote, viwe vitu vile vile tunavyovitumia kila siku, na kila kinachotolewa kirudishwe. Nimeingia nyumba nyingi za Mji wa Kale kwa kazi ya kukagua matangi na visima, na kila mara naona makosa mawili yakikaa mlango kwa mlango. Huku mtu hana hata mtungi mmoja uliojaa. Huku mwenziwe amerundika magunia ambayo fukusi wameshayafanya makao. Wote wawili siku ya dharura hukutana kwenye foleni moja.

Kwanza tuelewane dharura ya hapa ni ipi. Tukilisikia neno hilo, macho hukimbilia baharini: wimbi kubwa, kimbunga, nyumba iliyong'olewa paa. Dharura iliyotupata mara nyingi zaidi ni ya kimya kimya. Kitu kinachoingia kila siku kinaacha kuingia. Sisi ni watu wa kisiwa, na kila tunachokitumia huvuka maji kutufikia, kwa daraja la Nyali, kwa Makupa na Kipevu, au kwa feri ya Likoni. Hata maji ya mfereji huvuka bahari. Chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake limetuletea maji tangu miaka ya 1950, ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, ndani ya Tsavo. Visima vya Baricho viko kando ya mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Marere iko Shimba Hills, na Tiwi iko Kwale. Hakuna hata chanzo kimoja kikubwa cha maji matamu kilichomo ndani ya kisiwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na kwa miaka mingi mji huu umekuwa ukipata chini ya nusu ya maji unayoyahitaji. Kwa hiyo maji kukatika ni jambo la kawaida hata katika wiki njema. Dharura inapokuja haianzi na nyumba iliyojaa, huanza na nyumba iliyokwisha kupungukiwa.

Jambo la pili ni kwamba maji na stima ni kamba moja. Maji ya Mzima huteremka yenyewe kwa sababu chanzo kiko juu, lakini ya Baricho lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu ni stima. Ndani ya nyumba zetu hali ni hiyo hiyo. Maghorofa ya Kuze na Makadara yana tangi chini na tangi juu ya paa, na kati yake pampu ndogo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikakaa gizani hadi kesho yake, niliamkia simu za watu wenye tangi la lita elfu kadhaa lililojaa chini, na hawana maji ya kutawadha ghorofa ya tatu. Tangi lilikuwa na maji, lakini lilikuwa limefunikwa kwa zege na mfuniko wa chuma ambao hakuna aliyeufungua kwa miaka, na hapakuwa na ndoo yenye kamba. Mwenye ndoo na kamba mtaani alikuwa mzee mmoja tu, na alizunguka nyumba tano kabla ya adhuhuri. Tangi kubwa lisilo na njia ya kuteka kwa mkono ni maji ya kutazama tu.

Jambo la tatu ni mvua, na hapa pana jambo ambalo wavuvi wa Bandari ya Kale wanalijua kuliko watu wengi wa ofisini. Masika, ambayo wazee wa hapa huyaita mwaka, huja kaskazi ikiisha na kusi ikianza, na mwezi wa Mei ndio huwa mzito kuliko yote. Vuli huja Oktoba na Novemba, na katika miaka ya El Niño, hasa bahari ya upande wetu inapokuwa na joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, vuli hugeuka kuwa mafuriko, kama ilivyokuwa 1997 na tena Novemba 2023. Lakini mvua peke yake haitoshi kueleza kwa nini siku nyingine maji hukauka kwa saa moja na siku nyingine hukaa hadi usiku. Mifereji ya maji ya mvua kwenye sehemu za chini za kisiwa na kando ya mkondo wa Tudor humwaga baharini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mvua kubwa ikianguka saa hiyo, mdomo wa mfereji umezibwa na bahari yenyewe. Maji hayana pa kwenda. Yakikuta na chupa za plastiki na mchanga, yanarudi barabarani na kwenye sakafu za watu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayesikia tangazo la mvua kubwa la Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa aulize swali moja zaidi: mwezi uko wapi? Mvua ya maji mafu, bahari isipopanda sana, na mvua ya bamvua haziandaliwi namna moja.

Mvua ina madhara mengine yasiyoonekana. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una vinyweleo kama sifongo. Mashimo ya vyoo na visima vyetu vinatumia mwamba mmoja. Mvua kubwa hushusha uchafu visimani ndani ya siku chache tu, ingawa maji yanaonekana meupe na ladha yake haijabadilika. Mara nyingi mfereji unapokauka watu hukimbilia kisima cha jirani au cha msikiti, na wakati wa masika ndipo kisima hicho huwa cha hatari zaidi kunywa. Kutawadha, kufua na kumwaga chooni, sawa. Kunywa na kupikia, hapana, mpaka yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake.

Sasa kuna wanaosema kwamba Mombasa haina kimbunga, basi haya yote ni wasiwasi. Nusu ya kwanza ina ukweli. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo ujizungushe kuwa kimbunga. Ndiyo maana vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi mara nyingi huishia Msumbiji, Madagaska na Komoro. Lakini “mara chache” haina maana ya “kamwe”. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia, na huku kwetu watu wakatakiwa wakae mbali na fukwe. Na tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra liliposukuma tsunami hadi pwani ya Afrika, polisi waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa mapema, na Kenya nzima ikapoteza mtu mmoja, ilhali Somalia ilizika mamia. Tahadhari iliyosikilizwa iliokoa watu. Hata hivyo sitaki msomaji ajiandae kwa ajili ya wimbi la mara moja katika maisha, halafu ashindwe na mfereji uliokauka Jumanne. Anayejiandaa kwa siku tatu bila maji, stima wala duka amejiandaa kwa sehemu kubwa ya yote hayo.

Mji wa Kale ulilijua jambo hili kabla yetu. Ngome ya Yesu ilijengwa kuanzia 1593 ikiwa na birika la kukusanya maji ya mvua, na ilipozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi na njaa viliua wengi ndani yake kuliko silaha. Misikiti yetu ya zamani ina kisima na birika. Katika miezi ya kusi kali, majahazi hayakusafiri. Wenyewe walisema bahari imefungwa, na nyumba ilikula ilichokiweka: ng'onda wa papa, tende, samli, mchele, achari za maembe. Hawakuita jambo hilo kujiandaa kwa dharura. Lilikuwa sehemu ya mwaka, kama kupaka chokaa kabla ya mvua. Mfereji ulipoingia ndani na duka likafunguliwa kila kona, tuliyaziba mabirika, tukayatupa makasha, tukaiacha kalenda ile. Sisemi turudi nyuma. Nasema hesabu ile ilikuwa sahihi, na tuliiacha bila kuweka nyingine mahali pake.

Hesabu yenyewe

Tuanze na maji, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja siku moja na maji hayawezi. Kipimo ambacho mashirika ya misaada hukitumia duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima. Nyumba ya watu sita, siku tatu, ni lita 270. Huo ni mtungi wa lita 20 mara 14. Ukikosa nafasi, na nyumba nyingi za vichochoroni hazina, shika sehemu isiyopunguzwa: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika, jumla lita 90, mitungi mitano isiyofika kujaa. Ya kufulia, kuogea na chooni yanaweza kuwa ya chumvi, kutoka kisimani. Mitungi mitano hukaa chini ya ngazi. Ipange kwa mstari, tumia ya mbele, jaza na uirudishe nyuma; hakuna maji yatakayokaa zaidi ya wiki mbili. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za kusafishia usitumie kwa maji ya kunywa hata ukiuosha mara kumi, maana plastiki hunywa harufu na sumu na kuzitoa polepole. Na fundi anapokuja kutengeneza pampu, mwambie akuachie mahali pa kutekea kwa ndoo.

Lakini maji yaliyowekwa vibaya ni maradhi. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu kisha ikafika Mombasa, na watafiti waliofuatilia chanzo chake waliukuta ukame. Mvua ilikuwa haijanyesha, watu wakaweka maji ndani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu aina ya aedes, anayeuma mchana na kupenda maji safi yaliyotulia, akazaliana ndani ya mapipa na mabirika. Ugonjwa huo ulirudi Mombasa mwishoni mwa 2017, na dengi nayo tumeionja zaidi ya mara moja. Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Mbu huyu hahitaji hata masika, anahitaji pipa lisilo na kifuniko. Funika kila chombo kwa mfuniko unaokaza, au kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Mara moja kwa wiki limwage na ulisugue kuta pipa la wazi, kwa kuwa mayai hushika ukutani na hukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Kazi hiyo haizidi robo saa, na imeponya nyumba nyingi kuliko dawa ya kupuliza.

Chakula ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja hutosheka kwa gramu 400 hivi za nafaka kwa siku. Watu sita kwa siku tatu ni kilo 7 na ushei. Kilo tano za mchele na kilo tatu za unga zinatosha, pamoja na kilo mbili za pojo au dengu, lita ya mafuta, chumvi, sukari, tende, na ng'onda ukimpenda. Nachagua pojo na dengu kwa makusudi: maharagwe makavu hula gesi na maji mengi, na siku hiyo vyote viwili ni haba. Siri iko kwenye kununua. Usinunue siku mchele ulipokwisha, nunua ulipofika nusu. Hapo nusu ya mwisho ndiyo akiba yako, na haikukugharimu zaidi ya kununua wiki moja mapema. Wengine hunitajia methali, akiba haiozi. Kwa shilingi ni kweli. Kwa unga wa Mombasa si kweli. Hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima; gunia lililoegemezwa ukutani hunyonya maji ya ukuta, likaota kuvu, na kuvu la mahindi hubeba aflatoksini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Chombo chenye kifuniko, juu ya ubao, mbali na ukuta, na kisipitishe mwezi bila kuliwa.

Moto na mwanga vinahitaji tahadhari kuliko wingi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa wa pili nyumbani ni akiba ya kutosha, mradi ule uliokwisha ujazwe siku ile ile. Mwenye seredani aiweke, lakini atambue hatari yake: makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala moshi, na mtu hulala asiamke. Seredani ikae uani au kwenye roshani iliyo wazi. Mishumaa sipendi kabisa katika nyumba zenye sakafu za boriti, mapazia na watoto, kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Tochi mbili, au taa ndogo ya jua inayochajiwa kwenye roshani, hugharimu chini ya hasara ya pazia moja. Stima ikipotea, chomoa friji na televisheni. Inaporudi huja kwa kuyumba, na wengi waliounguza friji hawakuziunguza wakati wa giza bali dakika ya kwanza ya mwanga. Maji yakianza kuingia ndani, zima swichi kuu kabla hujaokoa zulia.

Dawa ndizo nyumba nyingi huzisahau. Mwenye presha au sukari asingoje kidonge cha mwisho. Awe na wiki moja mbele. Wanaotumia insulini hupatwa na hofu stima inapokatika, na wapo walioitupa dawa nzima kwa sababu friji ililala usiku mmoja. Insulini huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki kadhaa. Kinachoiharibu ni jua, joto kali na barafu. Iweke ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa chenye maji, chumba cha chini kilicho na kivuli, kisha muulize mfamasia wako. Kwa kuharisha, ambako hufuata kila mafuriko, kila mama ajue kipimo kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba vikae katika mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali pa juu, ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua hata gizani.

Akiba si kulimbikiza

Huulizwa mara nyingi: karantini ya Mji wa Kale ilikuwa ya mwezi, siku tatu zitafaa nini? Zitafaa kwa sababu ubaya wa dharura hauko sawa siku zote. Siku ya kwanza na ya pili ndizo za fujo: hakuna anayejua sheria ni ipi, malori hayajui yapite wapi, na watu wote wako dukani kwa pamoja. Baada ya hapo mji hutafuta njia. Misaada hupangwa, mikokoteni hurudi, mwenye duka hupata shehena nyingine. Mtu mwenye siku tatu hupita juu ya kilele hicho bila kushindana na mtu. Asiyenayo hulazimika kuingia sokoni saa ambayo bei iko juu kabisa na bidhaa ziko chini kabisa. Ndiyo tofauti ya akiba na kulimbikiza. Kulimbikiza hufanyika siku ya tangazo na humnyang'anya mwingine. Akiba hufanyika siku ya utulivu, kidogo kidogo, rafu zikiwa zimejaa, na siku ya tangazo humwachia mwingine. Bi mkubwa wangu na ndimu zake alitoa sadaka bila kufungua mkoba: alitoka kwenye foleni.

Wapo wanaosema kwamba kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul, yaani wa kumtegemea Mungu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya Nabii Yusuf, aliyewaambia watu wa Misri walime miaka saba na waache mavuno yakae katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Hata namna ya kuhifadhi ilielezwa, nafaka ikae na ganda lake isiharibike. Aliyefundisha hivyo hakuwa mtu wa imani haba. Kumtegemea Mungu huanza baada ya mtu kufunga alichopewa uwezo wa kukifunga.

Wapo pia wanaosema, na hawa ndio ninaowasikiliza kwa makini zaidi, kwamba haya ni maneno ya wenye nafasi. Mtu anayenunua unga wa kupima na mafuta ya kibaba kila jioni ataweka nini? Kweli, hawezi kuweka kwa mkupuo. Lakini maji ya siku ya mfereji ni nafuu mno kuliko ya mkokoteni siku ya ukame, kwa hiyo aanze na mtungi mmoja, wiki ya pili wa pili. Asiyeweza hata hivyo asaidiwe na mtaa, na hapa ndipo Mji wa Kale unapozidi mitaa mingi ya ghorofa mpya: bado tuna baraza. Nyumba kumi za kichochoro kimoja hazihitaji ngazi kumi wala majembe kumi. Zinahitaji kamba moja ya kisima, ngazi moja, ndoo chache za mchanga kwa ajili ya moto, na orodha moja fupi kichwani: mzee yupi anaishi peke yake ghorofa ya juu, nani ana mimba kubwa, nani hutumia mashine ya kupumulia. Orodha hiyo ikizungumzwa barazani mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli, imetosha. Nambari za 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ziandikwe ukutani karibu na mlango, kwa kuwa simu yenye majina yote huzimika betri.

Siiachii nyumba mzigo ambao si wake. Mwenye nyumba hawezi kuzibua mfereji mkuu wala kuipa pampu ya Baricho stima ya akiba. Nataka mambo matatu kutoka kwa wenye mamlaka, na yote yanawezekana. Kaunti izibue mifereji mwezi wa Februari na wa Septemba, kabla ya mvua, wala si kuturundikia matope kandokando baada ya mafuriko yakarudi mferejini mvua inayofuata. Kampuni ya maji itangaze ratiba ya zamu kwa kila mtaa na iifuate, kwa kuwa mtu anayejua kwamba maji yanakuja Alhamisi hujaza mitungi minne, na asiyejua hujaza kila chombo au hajazi chochote. Na tangazo la mvua kubwa kwa Mombasa litaje saa ya maji kujaa, kwa Kiswahili, kwenye redio na misikitini.

Mpaka hayo yatimie, kazi ya nyumbani ni ndogo na ina siku yake. Chagua Ijumaa ya kwanza ya Machi na ya kwanza ya Septemba. Kabla ya kwenda msikitini hesabu mitungi, fungua mfuniko wa tangi uone ndoo inaingia, onja unga, washa tochi, tazama tarehe za dawa, panda uone majani gani yameziba mfereji wa paa. Ukimaliza, pita kwa jirani wa juu umuulize ana maji ya siku ngapi. Akikujibu moja, mpelekee mtungi wako wa nyuma kabisa, kisha ujaze mwingine maji yakija.